Nililipia mpangilio: uzoefu wangu na wakala wa wanaohamia nje ya nchi

Wakati namlipa wakala nilidhani nanunua mtu wa kunipangia foleni. Leo, miezi sita baada ya kuhama na mume wangu na watoto wawili, naona kazi ya foleni ningeiweza mwenyewe. Nisichokiweza kilikuwa kujua karatasi ipi inatangulia ipi.

Benki ilitaka anwani ya makazi. Mwenye nyumba alitaka akaunti ya benki ndipo asaini mkataba. Idara ya uhamiaji ilitaka vyote viwili. Ukiingia kwenye mzunguko huo bila ramani, wiki zinapita unazunguka palepale. Wakala alitukalisha chini miezi mitatu kabla ya safari, akatuambia tuanze na makazi ya muda, lakini yale tu ambayo mwenyewe anakubali kwa maandishi tusajili anwani pale. Wengi wanaopangisha kwa muda mfupi hukataa, na mpangaji hujua hivyo akiwa ameshalipa. Sisi tuliuliza kwa barua pepe kabla ya kutuma pesa. Wawili walikataa, wa tatu akakubali. Tulisajiliwa siku ya nne baada ya kufika, na wiki iliyofuata akaunti ilikuwa imefunguliwa. Kwa hilo peke yake nawashukuru kwa dhati.

Kwenye vyeti ndipo waliponiumiza. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti chetu cha ndoa vilihitaji apostili, yaani uthibitisho unaotolewa chini ya Mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Apostili haisemi kwamba yaliyoandikwa kwenye cheti ni kweli. Inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri uliopo. Inafanya kazi pale tu ambapo nchi unayotoka na unayokwenda zote zinaufuata mkataba huo kati yao. Isipokuwa hivyo, hati hupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na hiyo ni safari ndefu zaidi. Orodha ya wanachama nayo hubadilika: China iliingia Novemba 2023, Kanada Januari 2024. Ndugu aliyehama zamani anaweza kukushauri kwa nia njema kabisa na ukapotea.

Haya yote wakala alituelezea vizuri. Kisha akapeleka vyeti kwa mtafsiri aliyeapishwa kwanza, na kuviombea apostili baadaye. Kule tulikofika, karani aliangalia tafsiri, akaangalia cheti, akaniuliza tafsiri ya ukurasa wa apostili iko wapi. Haikuwepo, maana mtafsiri hakuwahi kuuona. Tukatafsiri upya vyeti vyote vitatu, na mtoto mkubwa akachelewa kuanza shule kwa wiki mbili na nusu. Kumwona amekaa dirishani na begi lake tayari kuliniuma kuliko gharama. Niliandika malalamiko mara mbili ndipo wakarudisha nusu ya ada ya tafsiri. Naamini walipaswa kurudisha yote, kwa sababu mpangilio ndiyo kazi niliyowalipia.

Jambo jingine halikuwamo kabisa kwenye orodha yao: laini ya simu. Benki ya nyumbani hutuma namba ya siri ya mara moja kwa ujumbe mfupi, na mume wangu alikuwa ameshaiacha laini yake. Akashindwa kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe, na kubadilisha namba kulihitaji afike tawini. Tafadhali, usiache laini ya zamani mpaka kila benki, barua pepe na huduma ya serikali iwe imehamia namba mpya.

Leseni ya kimataifa ya udereva walitukumbusha mapema, na vizuri, kwa kuwa hutolewa na nchi iliyokupa leseni yako na haina nguvu bila leseni yenyewe. Mizigo ilikwenda salama. Kila boksi lilikuwa na namba inayolingana na orodha ya forodha. Kuhusu kodi walisema wazi kwamba si fani yao. Walitueleza tu kwamba nchi nyingi hutumia kipimo cha siku 183 lakini hesabu haiishii hapo, wakatutaka tumwone mhasibu anayejua sheria za pande zote mbili. Nimeuheshimu ukweli huo.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama mwajiri wako ana kitengo cha kuhamisha wafanyakazi, huwahitaji. Kama unahama na watoto wa shule na hakuna mwenyeji anayekusubiri, chukua huduma ya kupanga ratiba peke yake, na mizigo uongee na wasafirishaji moja kwa moja.

Kabla ya kusaini na wakala yeyote, muulize kati ya apostili na tafsiri kipi kinaanza. Akikujibu papo hapo bila kukuuliza kwanza unakwenda nchi gani na nani atazipokea hati, endelea kutafuta. Ziko ofisi zinazotaka apostili ianze, na ziko zinazotaka hata saini ya mtafsiri nayo ithibitishwe. Anayeijua kazi yake ataandika kwa ofisi husika na kukuonyesha jibu lao.