Jimu nzuri, lakini kidole changu hawakipati

Wanaoulizia bei na mashine waende wajionee. Mimi nazungumzia mlango.

Majuzi nafika nakuta kidude cha kusoma vidole kimebandikwa pale, kadi zetu hazifungui tena, na hakuna aliyekuwa ametuambia lolote. Nikamuuliza kijana wa mapokezi, kwa upole kabisa, alama hizi mnaziweka wapi, na siku nikihama mnazifuta?

"Ziko kwa sistimu, madam."

Sistimu ya nani? Akacheka, akawageukia waliokuwa nyuma yangu: "Kama huna cha kuficha, si uweke tu?"

Foleni nzima ikanitazama kama mwizi wa kuku. PIN ya M-Pesa ikivuja naibadilisha asubuhi hiyo hiyo. Kidole je? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakihesabu kuwa taarifa nyeti, na inanipa haki ya kuelezwa kinatumika kwa kazi gani, hata kukataa. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha tu! Nilipomwambia hayo akasema niongee na meneja. Meneja, bila shaka, alikuwa "ametoka kidogo". (Nakuru ilipewa hadhi ya jiji 2021, mameneja wetu wameshaiga ya Nairobi.)

Sasa haki ya mtu mpeni. Kocha wa asubuhi hana mfano: analijua goti langu bovu, hanilazimishi kuruka, na ndiye aliyenitafutia daftari nikatia sahihi nikaingia. Kwa ajili yake nilikuwa nimeweka nyota tatu.

Halafu wiki ile ile afisa wa HR kazini ananisimamisha kwenye ngazi: "Siku hizi jimu umeitoroka, eh?" Mwajiri hunilipia nusu ya ada, sawa. Kumbe kwa nusu hiyo anatumiwa ripoti ya nani aliingia na nani hakuingia! Siku hizo nilikuwa nampeleka mamangu kliniki, jambo ambalo sikutaka lijulikane ofisini, na pale ngazini nikajikuta namweleza, tena kwa kuomba radhi. Hakuna fomu niliyotia sahihi kuruhusu hilo. Nimewaandikia barua pepe, kimya.

Nyota moja. Kocha akihamia jimu nyingine hapa Nakuru, tafadhali mnijulishe.