Vipande vya kuprogramu: unaweka "mbele", roboti inasikia "kushoto", na muuzaji analaumu watoto

Hasira bado ninayo, kwa hiyo ukiona chumvi imezidi ipunguze mwenyewe. Ila vipimo nilivyoandika hapa ni vya multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, havina hasira.

Bidhaa ni seti ya kufundishia watoto kuprogramu bila skrini. Kuna ubao wenye matundu, vipande vya mbao vya kuchomeka, na kiroboti cha magurudumu mawili. Mtoto anapanga vipande, anabonyeza kitufe, roboti inafuata. Boksi halina jina la kiwanda, na bei yake hapa Kampala ni ya kununulia ndama. Mengine yamechapishwa ubavuni mwa boksi, jisomee.

Tatizo langu ni moja tu. Panga mbele, mbele, mbele, kulia. Roboti inazunguka palepale kushoto mara tatu, kisha kulia mara moja, inamalizia imewapa watoto wa P2 (darasa la pili) mgongo. Mtoto ameandika programu sahihi kabisa. Anatazama vipande vyake, anatazama roboti, anavichomoa na kuanza kubahatisha. Hapo somo limekufa, maana kitu pekee ulichotaka ajifunze ni kwamba mashine hufanya ulichoiambia, kwa mpangilio uleule ulioiambia.

Nikairudisha dukani. Kijana wa kaunta hata hakuifungua. "Ssebo (bwana), watoto wameichezea vibaya." Nikamwambia volti zinashuka na ubao unasoma vipande vibaya. "Ssebo, hii ni toi ya watoto, wewe unaipima kama transfoma." Halafu akarudi kwenye simu yake.

Haya, tuipime kama transfoma.

Ndani ya kila kipande kuna rezista (kikinza umeme) moja tu, hakuna chipu. Kulia ni kiloohomu 1, kushoto 2.2, mbele 4.7, na kile chenye nyota, kinachoiambia roboti ifanye kwanza vipande vilivyopangwa kwenye safu ndogo ya chini ya ubao, ni 10. Kila tundu la ubao lina rezista yake ya kiloohomu 10 inayotoka kwenye chanya ya betri. Ukichomeka kipande, volti inagawanyika, na ubao unatambua kipande kwa volti iliyobaki. Mpango huu ni wa bei nafuu na si mbaya. Betri tatu mpya zinatoa volti 4.5, na usomaji unakuwa hivi: kulia 0.41, kushoto 0.81, mbele 1.44, nyota 2.25. Ukiweka potenshomita (rezista ya kuzungusha) kwenye tundu badala ya kipande na kuizungusha polepole, utaiona mipaka ambapo ubao unabadilisha jina la kipande: takriban 0.61, 1.12 na 1.85. Yaani katikati ya kila jozi. Kwenye karatasi inapendeza.

Sasa aliyebuni alifunga mipaka hiyo kwenye volti zisizobadilika, huku vipande vinalishwa na betri inayoshuka kila dakika. Betri zikifika volti 3.3, yaani 1.1 kila moja, mbele inasoma 1.06. Iko chini ya 1.12, kwa hiyo ubao unaiita kushoto. Kushoto inasoma 0.60 na inaitwa kulia. Nyota inasoma 1.65 na inakuwa mbele. Kila kipande kimeshuka ngazi moja, isipokuwa kulia ambayo haina pa kushukia. Taa ya ubao inawaka vizuri, roboti inatembea kwa nguvu kwa sababu ina betri zake, kwa hiyo hakuna mtu atakayeshuku betri za ubao. Dawa ilikuwa kupima kwa uwiano, volti ya kipande dhidi ya volti ya betri yenyewe. Hiyo ni kubadilisha rejea ya kipimo kwenye programu ya chipu, na chipu wameifunga.

Betri za tochi za bei ya chini, hizi za kaboni na zinki, zinafika 3.3 haraka sana kwa sababu redio ya ubao, inayopeleka amri kwa roboti, inavuta umeme kwa mikupuo. Za alkalaini zinavumilia zaidi. Za kuchaji ndizo mtego mbaya kuliko zote: tatu zinakaa kwenye volti 3.6, na hapo mbele inapona kwa tundu la sindano (1.15), kushoto inapona, lakini nyota inasoma 1.80 na kugeuka mbele. Unapata seti inayofanya kazi kila siku isipokuwa siku ya kufundisha safu ndogo. Mwalimu ataamini kwamba yeye ndiye hajaelewa somo.

Vumbi ni kinyume chake. Vumbi jekundu la murram likiingia kwenye miguso, pamoja na jasho la vidole, linaongeza ukinzani na kupandisha usomaji. Kulia ndiyo dhaifu zaidi: ohomu 600 za uchafu zinatosha kuigeuza kushoto hata kwa betri mpya. Mbele inahitaji zaidi ya kiloohomu 2. Kwa hiyo ukiona kulia peke yake inakosea, ni uchafu. Ukiona mbele inazunguka, ni betri. Zote mbili zikitokea pamoja zinaweza kufutana, na seti chafu yenye betri chovu ikafanya kazi safi mpaka siku utakayoipangusa.

Kusafisha miguso, tumia raba ya kufutia penseli, kisha kitambaa chenye spiriti. Usitumie msasa, unakwangua rangi ya fedha iliyopakwa juu na kuacha shaba itakayopata kutu ya kijani.

Kwa upande wa umeme, nimeachana na betri. Ubao sasa unakula pawabanki ya volti 5 kupitia dayodi moja ya 1N4007 inayoteremsha hadi kama 4.3, na vipande vyote vinne vinakaa ndani ya mipaka. Angalia mambo mawili. Kwanza soma namba ya chipu na ya redio kabla ya kulehemu chochote, maana redio nyingi za aina hii hazivumilii zaidi ya 3.6 na zinategemea rigyuleta (kidhibiti volti) iliyo ubaoni, hakikisha ipo. Pili, pawabanki nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo. Weka rezista ya ohomu 47 ya wati 1 sambamba na ubao. Itavuta kama miliampea 100 na itapata joto, iweke mbali na mbao.

Baada ya hapo, na inaniuma kusema, seti ni nzuri sana. Watoto wanne wanagombania tundu moja kwa hoja, si kwa makofi. Anayetaka kurekebisha anachomoa kipande na wenzake wote wanaona amechomoa nini, jambo ambalo kipanya kimoja na kompyuta moja haviwezi kuwapa. Kipande cha nyota kinawafundisha kuita kazi kwa jina bila mwalimu kuandika neno hata moja. Kwa alama za tathmini, nilikuwa nimeandaa nyota moja, nikapandisha hadi nne.

Halafu nakumbuka kaunta ile na alama zinashuka tena. Wazo hili si jipya kiasi cha kusamehewa. Radia Perlman, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa akiwapa watoto kadi za kuchomeka kwenye matundu kuongoza roboti ya kasa pale chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1970. Michael Horn na wenzake wa chuo kikuu cha Tufts walitengeneza Tern, vipande vya mbao visivyo na waya wala mguso, kamera inavipiga picha na kompyuta inasoma mpangilio. KIBO, roboti nyingine ya kufundishia watoto, inasoma mistari ya msimbopau iliyobandikwa kwenye mbao. Huko vumbi halina rezista ya kuharibu. Aliyenakili seti yangu alichagua njia ya miguso kwa sababu ni rahisi, sawa, lakini akakataa kuongeza hata taa moja kando ya kila tundu. Taa hiyo ingetosha mwalimu kujua ubao umesoma nini.

Nyota mbili, basi. Tatu kama una chuma cha kulehemu nyumbani.

Ukiamua kununua hata hivyo, nenda dukani na betri zako tatu zilizochoka, zile ambazo rimoti ya TV imeshazikataa, upime jumla iwe kama volti 3.3. Ziweke kwenye ubao, panga mbele tatu, bonyeza. Roboti ikizunguka, mwambie kijana akate kwenye bei ya seti gharama ya pawabanki, dayodi na rezista kabla hujatoa hela.