Misimu miwili na katamarani ndogo: imenipindua mara tisa, na bado siiuzi

Nianze na hesabu, maana ndilo swali la kwanza kila nikisema nina katamarani. Katika misimu miwili nimepinduka mara tisa. Saba kwa ubavu, mbili kwa kuchimba pua, yaani ncha ya mbele kuzama na nyuma kuruka. Kati ya hizo saba, mbili nilizitaka mwenyewe kwa mazoezi. Zilizobaki chombo kiliamua, au niseme niliamua mimi bila kujua.

Chombo chenyewe ni cha ile aina ya kuburutwa hadi ufukweni: mitumbwi miwili myembamba ya faibaglasi, urefu mita tano na ushei, upana mita 2.4, boriti mbili za alumini, na kati yake turubai lililokazwa kama kitanda cha kamba. Mlingoti ni wa mita nane, matanga ni mawili, kubwa na dogo la mbele. Vyote kwa pamoja havizidi sana kilo 150. Hakina mkuku, ule uti mzito wa chini unaozuia mashua isilale, hakina chumba, hata chupa ya maji ya kunywa inabidi uifunge. Aina hii ilienea kutokana na kazi ya Hobie Alter, fundi wa mbao za kutelezea mawimbini kule California, aliyetoa katamarani yake ya futi 14 mwaka 1968, kisha ile maarufu zaidi ya futi 16. Yangu ni ya mtengenezaji mwingine. Simtaji, maana makosa mengi nitakayosimulia ni yangu, si yake.

Siku ya kwanza nilidanganyika vizuri sana. Ukikanyaga ukingo wa mashua ndogo ya kawaida, inalala na moyo unaruka. Hii tulikaa watu wawili upande mmoja, mimi na shemeji yangu, ikashuka vidole viwili tu. Tukasimama juu ya turubai, tukatembea huku na huko kama watu walio sebuleni. Upepo ulikuwa mdogo. Nikasema moyoni kwamba nimepata chombo kisichopinduka, na aliyewahi kupanda ngalawa atanielewa: mwili ukishahisi mbao pande zote mbili, unapumua.

Utulivu huo ni wa kweli, ila haudumu. Mashua yenye mkuku mzito, kadiri inavyolala ndivyo mkuku unavyozidi kuivuta irudi. Inakuonya mapema na inakupa muda. Katamarani ni kinyume chake. Nguvu yake yote ya kujishikilia iko mwanzoni, na inafika kileleni pale pale mtumbwi wa upande wa upepo unapoachana na maji. Kuanzia hapo, kila unavyozidi kuinuka, nguvu hiyo inapungua, huku upepo ukianza kuingia chini ya turubai na kulisukuma kama tanga la tatu. Kwa hiyo zile picha zinazopendwa, mtumbwi mmoja hewani na baharia anacheka, zinaonyesha chombo ambacho kimeshatumia akiba yake yote. Anachokitegemea baharia huyo ni mkono wake.

Nilipiga hesabu ya nguvu hiyo ya kujishikilia siku moja jioni na ikanibadilisha. Toka katikati ya mtumbwi mmoja hadi katikati ya wa pili kwangu ni kama mita mbili. Uzito wa chombo unafanya kazi katikati, mita moja kutoka mtumbwi wa demani, yaani ule ulio mbali na upepo. Kilo 150 mara mita moja ni 150. Mimi na shemeji kwa pamoja tuna kilo 145. Tukikaa kwenye ukingo wa upepo tuko mita mbili kutoka mtumbwi ule ule, hiyo ni 290. Tukining'inia nje kwa waya za trapezi, miguu ukingoni na miili juu ya maji, tunakaribia mita tatu, yaani 435. Mkuku wa chombo hiki ni sisi. Mmoja akiteleza na kuanguka toka kwenye waya, chombo kimepoteza nguvu kubwa kuliko ile inayotokana na uzito wake chenyewe. Kwa upande wa pili, nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake: ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 28, haijaongezeka kwa asilimia 40 kama kasi, imekaribia kuwa maradufu. Na dharuba haibishi hodi.

Mara ya kwanza kupinduka kweli kweli ilikuwa hivyo hivyo. Mikono ilikuwa imechoka, nikaibana kamba ya tanga kubwa kwenye kibano chake chenye meno, nikakaa kitajiri. Maji mbele yakabadilika rangi, yakawa meusi yenye mikunjo. Niliyaona. Niliyatazama tu. Mtumbwi ukapanda, shemeji akapiga kelele, "Achia, shemeji, achia!" Nikavuta kamba kwa nguvu zote, isitoke. Kibano kile ukitaka kiachie lazima uivute kamba kwako kidogo na kuiinua, na chombo kikishalala pembe inabadilika, kwa hiyo mkono uliozoea unakosa. Nikaangukia juu ya tanga. Shemeji akabaki juu ameshikilia waya, akinitazama chini kama mtu aliye dirishani.

Tangu siku ile, upepo ukiwa na nguvu kamba inakaa mkononi, hata ikinikata kiganja. Glavu ni nafuu kuliko meno ya kibano. Na nimejifunza kuachia kabla sijahitaji, sentimita ishirini tu, nikiona yale maji meusi. Kosa jingine nililoliacha ni la kugeuza usukani bila kufikiri. Ukiwa unaelekea karibu na upepo, dharuba ikija unaweza kulegeza kamba na kupinda kidogo kuelekea upepo, chombo kikapoa. Lakini ukiwa umeshaupa upepo mgongo, kupinda ghafla kuelekea unakotoka ndiko kunakokulaza. Hapo unazidi kushuka nao, huku uzito ukiwa nyuma.

Kupinduka kwa ubavu, hata hivyo, sikuhofii tena. Ni kulowa na aibu kidogo. Kinachonikosesha raha ni pua.

Mitumbwi ya chombo hiki ni myembamba sana mbele. Ndiyo inayokifanya kipasue maji kwa kasi, na ndiyo kasoro yake kubwa. Siku hiyo tulikuwa tunakata upepo kwa ubavu, wote wawili kwenye trapezi, mwendo wa kufanya macho yatoe machozi. Pua ya mtumbwi wa demani ikaanza kulamba wimbi. Ikazama kiganja. Sehemu ya juu ya mtumbwi ni bapa, kwa hiyo maji yakishapita juu yake yanaikandamiza zaidi badala ya kuteleza. Chombo kikasimama kama kilichogonga ukuta, ila sisi hatukusimama. Mtu aliyening'inia kwenye waya ni timazi. Chombo kikikwama, yeye anaendelea mbele. Shemeji alizunguka waya wa mbele na kutua upande wa pili wa chombo. Mimi nilikutana na mlingoti kwa paja, alama nilikaa nayo wiki tatu. Tezi, yaani nyuma ya chombo, ilikuwa imepanda hewani, na pale sukani zinapotoka majini ndipo unagundua kwamba hata ungetaka kurekebisha, huna cha kurekebishia.

Si sisi wanagenzi tu. Oktoba 2012 katamarani ya mbio ya timu ya Oracle, yenye urefu wa mita 22, ilichimba pua katika ghuba ya San Francisco ikiwa inageuka kushuka na upepo, ikapinduka, na maji ya kupwa yakaiburuta hadi nje ya daraja la Golden Gate. Ule mgeuko, kutoka kukabili upepo hadi kushuka nao, ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kwa sekunde chache tanga linapokea upepo wote na linakusukuma mbele na chini. Mimi sasa kabla ya kugeuka nalegeza kamba kwanza, tunasogea nyuma hadi karibu na boriti ya tezi, shemeji anaingiza mguu kwenye ukanda, kisha ndipo napinda, taratibu. Tangu tuanze hivyo pua imezama mara nyingi, imetupindua mara moja.

Kukiinua ni somo lenyewe, na kwangu ndilo linaloamua kama chombo hiki kinakufaa. Kikilala ubavu, lile turubai linasimama wima na kugeuka tanga. Kinasukumwa na upepo kwa kasi usiyoweza kuogelea. Kwa hiyo kwanza kabisa shika chombo, kamba yoyote, usikiache hata kama kofia yako inaondoka. Kisha legeza kamba za matanga yote mawili hadi zilegee kabisa. Mara moja nilisahau lile dogo, tukakiinua, kikashika upepo, kikapinduka upande wa pili kabla hatujapanda. Baada ya hapo mmoja wetu anakwenda kukaa karibu na pua, inazama kidogo na kuwa kama nanga, chombo kinazunguka chenyewe mpaka kinatazama upepo. Ndipo kamba ya kuinulia inapitishwa juu ya mtumbwi wa juu, tunasimama juu ya wa chini, tunalala nyuma. Unafikiri hakuna kinachotokea. Dakika nzima, hakuna. Halafu ncha ya mlingoti inatoka majini kwa upana wa mkono, upepo unaingia chini ya tanga, na sasa ni wa kwako. Mtumbwi wa juu unashuka kwa kishindo, kichwa kisiwe chini yake, na unadaka boriti ya mbele ili kisiendelee kupinduka.

Mara ya kwanza ilituchukua dakika ishirini na tano na nguvu zote tulizokuwa nazo. Siku hizi ni kama nne. Tofauti si misuli. Ni zile mara mbili tulizopinduka kwa makusudi karibu na ufukwe, upepo ukiwa mdogo, mtu wa tatu akitutazama kutoka kwenye boti ya injini.

Peke yangu nilishindwa. Nina kilo 68 na chombo hiki hakikubali. Nililala nyuma mpaka mgongo ukagusa maji, mlingoti haukusogea. Sasa nabeba mfuko wa turubai wa kuchotea maji: unaujaza, unaufunga kwenye kamba ya kuinulia, unautupia begani. Ukiwa ndani ya maji hauna uzito wowote, ila ukitoka nje unakuongezea kilo arobaini na zaidi. Unafanya kazi, kwa shida, kwenye maji tulivu. Kwenye mawimbi sijafanikiwa, na kwa hiyo peke yangu sitoki upepo ukizidi kilomita 20. Katika maelezo ya mauzo sikuona popote jambo hili la uzito wa mabaharia, wakati ndilo lingetakiwa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Balaa jingine ni kufudikia, mlingoti kuelekea chini moja kwa moja. Katamarani ikifika hapo imetulia kama ilivyokuwa wima, pengine zaidi. Haina sababu ya kurudi. Ilitutokea mara moja kwenye maji ya kina kifupi, ncha ikachoma tope, na ilibidi boti ituvute, polepole sana, kwa hofu ya kuvunja mlingoti. Baada ya hapo nilifunga boya dogo kwenye ncha. Shemeji analiita puto la sherehe na kweli halipendezi, tena linashika upepo kidogo. Halijavuliwa. Kikilala sasa kinalala, hakiendelei.

Mambo madogo niyapitie haraka. Ukiwa umevaa mshipi wa trapezi, uwe na kisu mahali ambapo mikono yote miwili inafika, maana ndoano hupenda kamba. Vaa kulingana na ubaridi wa maji, si jua la ufukweni. Jaketi okozi ni jembamba au huwezi kupanda tena. Na ukikivuta nchi kavu mlingoti ukiwa wima, tazama juu: mita nane za alumini na nyaya za umeme havikutani mara mbili.

Ungeniuliza kama nakipendekeza, ningeuliza kwanza mna kilo ngapi mkiwa wawili. Chini ya 130 ningetafuta chombo kidogo kuliko hiki, au chenye pua nene. Kwa anayetaka kubeba watoto wadogo, hapana. Kwa wawili wasioogopa kulowa, sijapanda kitu kinachofurahisha kama hiki kwa uzito huu.

Na kama unanunua kilichotumika, acha kwanza kutazama rangi na matanga. Laza mlingoti chini, uinue upande mmoja, kisha wa pili, na usikilize. Bomba lile linatakiwa kuwa limezibwa, hewa tupu ndani. Hiyo hewa ndiyo inayochelewesha kufudikia. Wangu nilipouinua ulisikika kama chupa iliyobaki nusu. Nilimimina, nikaziba kila tundu la ribiti kwa silikoni, nikauzamisha tena na kutafuta mapovu. Yalitoka mawili, karibu na kapi ya juu.