Bomba la kubebea panya: miezi minane mikononi mwangu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibania kwa sababu ya bei, na sababu nyingine naieleza huko chini.

Mimi ni mtunza wanyama wa maabara hapa Dar es Salaam, mwaka wa 19 huu. Panya wangu ni wale weupe wadogo ambao watafiti huwajaribia dawa za malaria. Miaka yote hiyo nimewanyanyua kwa mkia kama nilivyofundishwa: unafunua keji, unadaka mkia kwenye shina, unamtua kwenye mizani. Na miaka yote hiyo nimekojolewa viganjani. Nikidhani ndivyo panya walivyoumbwa.

Kumbe wapi. Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha tangu 2010 kwamba kukamatwa mkia ndiko kunakowatia kiwewe. Ukimwingiza panya kwenye bomba, au ukamkomba kwa viganja viwili, baada ya siku chache anakuja mwenyewe kukunusa. Habari hiyo ilichelewa kutufikia sisi wa kubadilisha maranda, lakini ilifika.

Bidhaa yenyewe ni kipande cha bomba la polikaboneti (plastiki ngumu), jekundu la kupenyeza mwanga, urefu sentimita 13, tundu sentimita 5. Basi. Hakuna betri, hakuna kitufe. Wekundu wake una kazi: macho ya panya hayaioni vizuri rangi hiyo, kwa hiyo yeye akiwa ndani anajiona yuko gizani, mimi namwona mpaka sharubu. Bomba halitoki kwenye keji, linakaa humo kama samani.

Kulikuwa na jike mmoja wa keji namba 7, mwenye pengo sikioni. Siku ya kwanza nilipomsogeza kwa kiganja kuelekea bombani aliruka akagonga mfuniko. Siku ya nne aliingia, nikaziba ncha mbili kwa mikono, nikamwinua. Alitulia, kucha zikikwaruza kidogo tu. Siku ya tisa nilifunua keji nikamkuta keshakaa ndani, pua nje, kama abiria wa daladala anayesubiri konda agonge bodi. Glavu yangu ilikuwa kavu. Nilimwita mwenzangu aje aone, akasema nimezeeka vibaya.

Hii si huruma tupu. Kipimo tunachofanya sana ni kile cha siku nne: panya anaambukizwa vimelea, ananyweshwa dawa siku nne mfululizo, kisha anatolewa tone la damu mkiani tuhesabu vimelea kwenye hadubini. Katikati hapo tunapima uzito na joto. Sasa, panya mwenye malaria si kama mtoto wa binadamu: hali ikiwa mbaya, joto lake hushuka. Hofu nayo hulipandisha, tena ndani ya dakika chache. Fikiria sasa panya mgonjwa aliyening'inizwa mkia kabla ya kipimajoto. Namba ninayoandika daftarini ni ya ugonjwa au ya mkono wangu? Miaka 18 sikuwahi kujiuliza.

Nilichohofia ni kunywesha dawa, maana hapo huna budi kumshika ngozi ya shingo. Nikasema urafiki wote utaishia hapo. Haukuisha. Liverpool nao walilipima hilo: anayebebwa kwa bomba haachi kumsogelea mtu hata kama alishikwa shingo baadaye. Wangu wananinunia siku hiyo, kesho yake wako bombani.

Sasa malalamiko. Bomba moja limetufikia kwa shilingi 22,000, na kila keji inahitaji lake, kwa sababu ukilihamisha unahamisha harufu na magonjwa. Piga hesabu ya keji 40 uone. Halafu kuna muuzaji, simtaji. Tulimwagizia kwa simu "mabomba ya panya", naye akaleta 12 ya sentimita 7 na nusu. Ni ya panya kweli, ila wale wakubwa! Kiswahili chetu kinawaita wote panya, na yeye hakuuliza. Mdogo ukimwingiza humo anageuka katikati na kutokea upande wa pili anakutazama. Pesa hakurudisha.

Ile sababu nyingine ni otoklevu, mashine yetu ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Karatasi ya maelezo inasema linavumilia nyuzi 121, na ni kweli halikupinda. Lakini kufikia mwezi wa sita mengine yameanza kuingia ukungu na vistari vyembamba kama nyufa za sahani kuukuu. Hilo silipuuzi. Mwaka 1998 huko Ohio, Marekani, maabara ya Patricia Hunt ilishangaa mayai ya panya jike, hata wale wasiopewa kitu chochote, yameanza kuharibika kromosomu zake. Walipochunguza wakakuta keji na chupa za maji za polikaboneti zilioshwa kwa sabuni kali isiyofaa, zikawa zinatoa kemikali ya bisfenoli A. Ndiyo maana langu likianza kufifia nalitupa, na jiki haliligusi.

Kwa wasio na bajeti: fundi bomba wetu alinikatia bomba jeupe la maji machafu la inchi 2. Moja la mita 6 limetoa vipande 45, nikapiga msasa kingo zote. Panya hawabagui, wanaingia vilevile. Ila humwoni akiwa ndani, na kwenye otoklevu usithubutu: nilijaribu matatu yakatoka yamebonyea kama ndala iliyosahaulika juani. Hayo naosha kwa maji moto na sabuni laini tu, kwa hiyo nayatumia kwa panya wa kuzalisha, walioambukizwa wanabaki na mekundu.

Ukinunua, nenda na rula na utaje sentimita, usitaje mnyama. Yale 12 makubwa bado yako stoo, hayajaguswa. Mwenye panya wakubwa na mabomba madogo aniandikie tubadilishane.