Kibanda umiza cha Manzese na muvi ya Kihindi ya imani, nendeni jamani

Jumamosi nilipita kibanda umiza kimoja Manzese, kiingilio jero, wakaweka Guide ya 1965, ya Dev Anand na Waheeda Rehman, ikiwa imetafsiriwa Kiswahili. Kama hujaiona, Raju ametoka jela hana pa kwenda, analala hekaluni kijijini, usingizini anafunikwa shuka la rangi ya chungwa kama la watawa wa Kihindu, basi wanakijiji wakimuona wanajua ni mtu wa Mungu. Anakula chakula chao mpaka ukame unaingia, wanaamini akifunga siku 12 mvua itanyesha, na yeye mwenyewe haamini kabisa, sasa atawaambiaje watu wenye njaa kwamba wamekosea mtu?

Pale ndo nilipokamatika. Kila siku anadhoofika na shaka haiishi, ila imani ya wale watu inaanza kumbeba. Mvua iliponyesha mama mmoja mbele yangu, mtoto kamlalia mapajani, alifungua viganja kama anapokea dua, ukumbi mzima kimyaa.

Kilichoniudhi ni mtafsiri, kila wakisema swami, yaani mtawa wa Kihindu, yeye anasema mganga. Hapana bwana! Mganga unamlipa akupigie ramli, huyu ameweka roho yake rehani bila kuomba hata senti, ukichanganya hayo mawili umeiua muvi yote. Alafu mabenchi ni mbao tupu na feni moja kwa watu kama arobaini hivi, joto balaa. Sauti lakini safi, picha safi, kijana wa mlangoni ana heshima sana. Jumamosi ijayo narudi na bibi yangu.