Puer ya miti ya kale: niliyoonjeshwa siyo niliyofungiwa

Hasira bado ninayo kwa hiyo mnisamehe. Kama unafikiria kununua puer mbichi ya miti ya kale, yaani ile chai ya Yunnan, China, ambayo haijavundikwa, ile ya kupimiwa guniani, siyo iliyokandamizwa ikawa duara, kaa nayo mbali. Au usikae mbali, sijui, maana chai yenyewe haina kosa, mwenye kosa ni yule mama aliyeniuzia.

Ni hapa Guangzhou, soko la chai. Kanikaribisha vizuri, kachota gunia la kushoto, majani marefu yamejisokota, vikonyo vinene, machipukizi yana manyoya meupe. Maji ya moto kabisa, sekunde chache tu, anamimina. Jamani. Uchungu unakuja mbele kabisa, ila unapita, halafu koo linabaki tamu, unaongea huku unameza mate matamu. Kamimina weee mpaka kijasho kikanitoka mgongoni na rangi bado ya dhahabu. Akasema imetoka Jingmai kule Yunnan, ule mlima ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2023, miti imekaa humohumo msituni mamia ya miaka. Picha ya mti akanionyesha pia, kila muuzaji ana picha ya mti.

Nikalipa, akaenda kufungia nyuma ya pazia.

Nyumbani naweka maji, ukakasi unang'ang'ania ulimi na fizi, utamu wa kooni hakuna, mimino wa tatu maji matupu. Nikatandaza majani yaliyolowa kwenye sahani: membamba, saizi moja kama yamepigwa chapa, ukivuta kidogo yanachanika, wakati yale ya kuonja yalikuwa manene na yanavutika. Sasa mimi nimekulia Mufindi, mashamba ya chai mpaka mlangoni, na mmea wenyewe ni jamii hiyohiyo ya jani kubwa la Assam, ila kwetu unakatwa usizidi kiuno na majani yanaenda kusagwa. Jani la kichaka cha shambani nalijua hata nikiwa usingizini.

Nikarudi na sahani yangu. Kaiangalia nusu sekunde, kaongea kwenye simu, simu ikanitafsiria: nyinyi Waafrika mnakunywa chai na sukari, hamuwezi kujua tofauti. Mbele ya wateja! Nikamwambia sawa, basi pika tena ile ya gunia la kushoto tulinganishe, akafunika kibakuli chake akaendelea na simu yake.

Jamaa yangu anayeijua hii biashara anasema huenda siyo shambani, huenda ni miti ya kale kweli ila majani ya msimu wa mvua, yana majimaji na ndiyo ya bei ya chini. Inawezekana, nisimsingizie mtu. Lakini bei aliyonitoza ilikuwa ya majani ya machipuko, yanayochumwa kabla ya mvua, yale ghali kuliko yote, kwa hiyo hata hapo nimepigwa tu, na chai ya guniani ndiyo rahisi kuchakachua, unachanganya mbili unakoroga nani atajua.

Kwa huduma sifuri, tena sifuri ya kudaiwa. Ila lile gunia la kushoto bado nalitaka, nitamtuma Mchina wa ofisini kwetu, na nimeshamwambia mizani iletwe huku mbele ya pazia.