Mtaro wa kokoto nyuma ya nyumba: ulikonifaa na usikonifaa

Nyumba yangu iko Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko, na kiwanja cha jirani wa juu kimekizidi changu kwa karibu mita moja na nusu. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi hayanisumbui, maana unayaona na unayapa njia. Yaliyonitesa ni yanayopita chini. Udongo wa juu huku kwetu ni kichanga, chini yake mfinyanzi. Maji yanazama kwenye kichanga, yakifika kwenye mfinyanzi yanagoma, yanaanza kuteleza juu yake hadi kwenye msingi wangu. Masika ikikolea, ua wa nyuma ulikuwa unadidimia ukiukanyaga hata baada ya mvua kukatika, lipu ya nje inatoa chumvi nyeupe, na rangi ya chumba cha nyuma inabanduka.

Mhandisi mmoja aliyekuja kuangalia akanishauri mtaro wa kokoto, ule ambao mafundi wengine wanauita frenchi dreni. Si jambo geni: Mmarekani Henry French aliueleza mwaka 1859, akiwalenga wakulima wenye mashamba yanayotuamisha maji. Unachimba upande maji yanakotokea, unatandika kitambaa kinachopitisha maji, unaweka kokoto na bomba lenye matundu, kisha kokoto tena. Maji yakikuta kokoto yanaingia humo kabla hayajaifikia nyumba, na bomba linayatoa nje.

Kazi nilimpa fundi bomba wa mtaani na vibarua wake. Kwa uchimbaji nawapa alama zote. Mtaro una urefu wa mita 24 na upana wa sentimita 40, na uko mita moja na nusu kutoka ukutani ili msingi usilegee. Tulikubaliana ushuke sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo umeanza na kina cha sentimita 70 na kuishia karibu 95, ndani kabisa ya mfinyanzi. Fundi alipima kwa mpira angavu uliojazwa maji, mtu mmoja kila ncha, na kabla ya kufukia tukamwaga maji upande wa juu kuona kama yatatuama popote. Hayakutuama.

Tulipovutana ni kwenye kitambaa. Fundi alisema, "Bosi, salfeti zinatosha, hivyo vitambaa vya barabarani ni kutupa hela." Nikakataa. Salfeti imefumwa kwa ajili ya kubeba mchele, na tope laini la mfinyanzi linaziba vijitundu vyake upesi. Kuna wengine wanatandika nailoni kabisa, na hapo ndipo ninaposhangaa: umechimba mtaro ili maji yaingie, halafu unauvalisha koti la mvua! Kinachotakiwa ni jiotekstaili, kile kitambaa kizito kama blanketi jembamba ambacho wakandarasi wa barabara hutandika chini ya kifusi. Kinapitisha maji na kuzuia udongo. Nilikipata kwa kuulizia kwa wauza vifaa vya barabara, maana duka la kawaida la vifaa vya ujenzi halikuwa nacho. Kinatandikwa kwanza, kokoto na bomba vinawekwa ndani yake, kisha kingo zinakunjwa juu ndipo udongo urudishwe.

Bomba ni PVC ya inchi 4. La matundu tayari sikulipata, fundi akayatoboa kwa drili, safu mbili. Aliyaelekeza juu, nikamwomba ayageuze chini. Wengi hudhani maji yanadondokea kwenye bomba kutoka juu, kumbe yanajaa kwenye kokoto kuanzia chini na kupanda. Matundu yakiwa chini, maji yanaingia mapema, na tope linalozama ndani ya bomba linapungua.

Kokoto ndizo zilizokula hela. Hesabu ilinipa karibu mita 6 za ujazo, na nilisisitiza ziwe ngumu, za machimbo ya Lugoba, zilizooshwa. Zenye vumbi jingi ni bei poa, lakini hilo vumbi linaishia ndani ya mtaro huohuo uliolipia ubaki wazi.

Maji ya bati hayakuingizwa humo. Gata zina bomba lake zima, lisilo na matundu, hadi mtaro wa barabarani. Ukiyaunganisha, mvua moja kubwa inajaza bomba la matundu na kuyarudisha maji ardhini, palepale ulipoyatoa.

Mwisho wa mtaro ulihitaji mazungumzo kuliko sepetu. Jirani wa chini, mama mtu mzima, alitoka akasema, "Mwanangu, hayo maji usije ukanishushia mimi." Nikamwambia, "Hapana mama, yanazunguka ubavuni yanatokea barabarani," na nikamwonyesha bomba zima linakopita. Mdomo wa bomba tumeufunga wavu dhidi ya panya. Upande wa juu tumesimamisha bomba lenye kifuniko, ili siku likiziba tuingize mpira wa maji tusafishe bila kufukua.

Masika imepita juu yake. Mwanzoni yalitoka maji ya kahawia, kisha yakawa safi, na yaliendelea kuchuruzika hata mvua ikiwa imenyamaza. Ua sasa unatembeleka kwa kandambili, na kitalu cha mchicha hakiozi tena. Chumba cha nyuma kimekauka kiasi cha kupakwa rangi upya.

Ukuta wa jikoni, hapana. Bado una unyevu unaopanda kutoka chini, kwa sababu nyumba ilijengwa bila kizuia unyevu kwenye msingi, na unyevu unaopandishwa na tofali lenyewe hauzuiliki kwa mtaro ulio nje. Fundi aliniahidi utaisha. Mhandisi hakuniahidi hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Nyota nne kati ya tano, kwa aliye mlimani kama mimi. Kama kiwanja chako ni tambarare, karibu na bahari au bondeni mwa Msimbazi, ambako ukichimba kidogo tu unakuta maji na hakuna pa kuyashushia, hela hiyo itumie kuinua msingi. Kwa mwenye mteremko, hakikisha kwanza bomba litatokea wapi, ndipo uite lori la kokoto.